Mtoto Aliyepewa Jina la Mke Wangu

Oktoba 8, Jumatano

Tumemaliza kupanda ndengu kavu. Kupanda kavu ni kuweka mbegu ardhini kabla ya mvua, ili mvua ikifika iikute mbegu inangoja. Huku Mraru mvua za vuli ni chache, na mtu akisubiri udongo ulowe ndipo aende kutafuta jembe, msimu unampita. Niliwafundisha wakulima jambo hili miaka yote niliyokuwa afisa wa kilimo, na hata baada ya kustaafu bado nalieleza bila kuulizwa. Leo nilimweleza Dinah, mke wa mwanangu, ambaye amelijua tangu aolewe. Alinisikiliza mpaka mwisho.

Mke wangu, Mbinya, tulimzika Julai, upande wa juu wa shamba. Watu huniuliza naendeleaje, nami hujibu kwamba ninaendelea vizuri. Nakula, nalala, naamka. Chai naikuta imepoa, nainywa hivyo hivyo.

Oktoba 9

Hakuna mvua.

Oktoba 12, Jumapili

Baada ya kanisa alikuja shemeji yangu Nzilani, mdogo wake marehemu.

Niandike kwanza habari ya jina, maana bila hiyo ya leo hayaeleweki. Kwetu Wakamba binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake. Kwa hiyo binti wa mwanangu Musyimi anaitwa Mbinya, kama mke wangu. Watu huamini jina haliji peke yake, kwamba mtoto huchukua na tabia za mwenye jina. Musyimi humwita binti yake Mwaitu, yaani mama yangu, na mimi kwa utani wa babu nilikuwa nikimwita mke wangu. Tangu Julai utani huo umenishinda.

Mtoto ana miaka tisa. Leo mama yake alimtuma chumvi kwa jirani, akarudi na kifaranga. Alikuwa amekikuta kimenasa kwenye ua, akakitoa, akasahau kilichompeleka. Marehemu naye alikuwa hivyo. Nzilani alicheka hadi akafuta macho kwa kitambaa, akasema, "Ni yeye. Dada yangu hajaenda popote." Akafungua mkoba, akatoa leso ya marehemu, akamfunga mtoto kiunoni.

Mtoto alisimama katikati yetu na kifaranga chake, akitutazama mmoja baada ya mwingine, kama mtu asiyejua ikiwa amekosea au amepatia.

Oktoba 17

Mawingu yalikusanyika upande wa Sagalla. Hayakushuka.

Oktoba 24, Ijumaa

Shule zimefungwa. Mwalimu wa darasa, Daisy, alikuwa ameomba kuwaona wazazi. Musyimi aliahidi kwenda. Asubuhi aliletewa pampu ya maji, akaifungua vipande vipande, na saa ya kwenda ilipofika alikuwa ndani yake. Nilikwenda mimi na Dinah.

Nilidhani mwalimu angelalamika. Hakulalamika. Alisema mtoto akiulizwa swali kwa mdomo hujibu kabla wenzake hawajainua mikono, lakini akipewa swali lile lile kwenye karatasi huandika mistari miwili, halafu yuko dirishani. Hupoteza kalamu, sweta, kitabu. Huinuka darasani bila kujua ameinuka. Dinah aliuliza kama ni ukaidi.

"Mkaidi hukataa kuanza, Mama Mbinya. Huyu huanza kila kitu."

Kisha akasema angependa mtoto apelekwe kliniki Voi, apimwe kama ana ADHD. Nilikuwa nimelisikia jina hilo redioni. Alinieleza kwamba ni hali ya ubongo ambayo humfanya mtu ashindwe kuongoza umakini wake, au kutulia, au kujizuia kabla ya kutenda, na wengine huwa na yote matatu. Haiji kwa malezi mabaya, wala haimaanishi mtoto ni mjinga. Wasichana, alisema, mara nyingi hawagunduliwi kwa sababu wengi wao hawasumbui, huota tu.

Jioni Dinah alimweleza mumewe. Musyimi aliweka kijiko chini.

"Mnataka nimpeleke Mama kliniki ya wagonjwa wa akili?"

"Nataka tumpeleke mtoto," Dinah alisema. "Mama tulimzika."

Mimi niliendelea kula. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Oktoba 28

Mvua imenyesha tangu alfajiri hadi adhuhuri. Nilisimama barazani nikaitazama. Miaka mingine ningekuwa nimeshatoka kupima udongo umelowa kina gani.

Novemba 3

Ndengu zimeota. Mistari ya Dinah imenyooka. Mstari wa mtoto umeanza vizuri, mbegu zimesongamana, kisha umekatika ghafla, na mbele yake kuna shimo refu alilochimba kumtafuta fuko.

Novemba 9, Jumapili

Dinah aliniambia jambo tukichambua mboga. Hakupandisha sauti. Yeye ni Mtaita wa Wusi, kule milimani, na kwao hawapendi kelele. Alisema mwezi wa kwanza shule zikifunguliwa, kama Musyimi atakuwa bado anakataa, atamchukua mtoto aende naye kwa wazazi wake Wusi, amtafutie kliniki na shule mpya.

"Kule atakuwa mtoto tu, Baba. Hapa kila akisahau kitu anapigiwa makofi. Atajuaje kwamba ana shida?"

Nilimuuliza kama amemwambia mumewe. Alisema amemwambia, na mumewe alicheka, akaahidi watalizungumza kesho. Hiyo kesho ilikuwa wiki mbili zilizopita.

Nilijaribu kufikiria nyumba hii bila wao. Nilifikiria kama mtu anavyofikiria hesabu ya mtu mwingine. Ningebaki na Musyimi, na gereji yake iliyojaa pikipiki zilizofunguliwa na kutofungwa, na lile kaburi.

Novemba 10

Palizi.

Novemba 15

Mtoto ameacha sweta mtoni, la pili mwaka huu. Mama yake alipomuuliza alijibu, "Mimi ni Nyanya." Nzilani ndiye aliyemfundisha jibu hilo, na kila akilitoa watu wazima hucheka na kesi huisha. Leo nilikuwa karibu, nikamwona uso. Yeye hakucheka.

Novemba 19, Jumatano

Leo kumetokea ajali.

Sylus, kijana wa bodaboda anayekaa mbele yetu kidogo, jana alimletea Musyimi pikipiki abadilishiwe tairi la mbele. Musyimi alilibadilisha. Alipokuwa akirudisha gurudumu simu ililia. Alizungumza akitembea huku na huko, kama kawaida yake, kisha akamwona mteja mwingine na redio ya gari, akaishika redio. Sylus aliporudi, Musyimi aliitazama pikipiki, akaona gurudumu liko mahali pake, akampa.

Nati ya mbele ilikuwa bado juu ya gunia alilotandika chini la kuwekea vipuri.

Asubuhi hii, kwenye lami kuelekea Voi, ekseli ilichomoka. Sylus alirushwa kando. Lori lililokuwa nyuma lilikwepa likaingia majanini. Abiria hakuwepo, namshukuru Mungu. Mguu wa Sylus umevunjika chini ya goti.

Sisi tulipata habari kabla ya Musyimi. Alikuwa gerejini, chini ya gari, akipiga mluzi. Dinah ndiye aliyemwita atoke. Alisikiliza, akafuta mikono, akageuka kuangalia lile gunia. Aliichukua nati akaitia mfukoni, akapanda pikipiki ya mteja mwingine akaenda hospitali. Aliporudi jioni alifunga mlango wa gereji. Sijawahi kuuona ule mlango umefungwa mchana. Marehemu alikuwa akisema bawaba zake zimeshasahau kazi.

Mtoto alinifuata akaniuliza, "Babu, na Baba naye amepewa jina la nani?"

Nilimwambia alipewa jina la baba yangu. Akauliza kama baba yangu alikuwa akisahau. Nikamwambia hapana, alikuwa hasahau kitu. Aliondoka akiwaza.

Novemba 21, Ijumaa

Nilikwenda gerejini asubuhi. Musyimi alikuwa amekaa juu ya kreti, hafanyi chochote, na kwake hilo ni geni kabisa. Aliponiona alicheka kidogo, kama wacheshi wanavyocheka pasipo na mzaha.

"Ni Mama huyu, Baba. Unakumbuka alivyoacha jiko linawaka akaenda harusini?"

Nilisema nakumbuka. Kisa hicho kilisimuliwa hata mazishini, na watu walicheka. Nikamuuliza kama yeye anakumbuka mama yake aliporudi. Hakukumbuka, alikuwa mdogo.

Nikaketi, nikamweleza. Mama yake alirudi akakuta ukuta wa jikoni umekuwa mweusi, akacheka na majirani mpaka wakaondoka. Kisha alilala bila kula, na kesho yake bila kula. Alikuwa amejifunza ushonaji, na wateja walimwacha mmoja mmoja kwa sababu kila nguo ilibaki na mkono mmoja. Wanawe walidhani aliacha kushona kwa kuwa alichoka nayo. Aliniambia kichwa chake ni kama steji ya Voi asubuhi, makanga wote wanamwita, kila mmoja anamvuta mkono aingie gari lake, na yeye anataka tu kujua lipi lake. Aliomba Mungu amtulize akili, jioni baada ya jioni, kwa sauti ya chini ili watoto wasimsikie.

Musyimi akauliza, "Kwa nini hukutuambia?"

"Aliniomba nisiseme. Alipenda mcheke naye."

"Na sasa?"

"Sasa hayupo wa kuniomba."

Alitoa ile nati mfukoni akaigeuzageuza. Akasema maneno ambayo nayaandika kama yalivyotoka. "Mimi pia huwa nacheka nao, Baba. Kisha natamani kujigonga hii kichwa ukutani."

Nilitegemea maneno hayo yangenichoma. Niliyasikia, nikayaelewa, nikaona ni ya kweli. Zaidi ya hapo sikupata kitu.

Novemba 22

Musyimi amemwambia Dinah watakwenda kliniki. Dinah ameuliza siku gani. Amesema Alhamisi. Dinah amempigia daktari simu pale pale, akiwa amemshika mumewe mkono wa shati.

Novemba 27, Alhamisi

Tulikwenda wote wanne. Daktari anaitwa Alice, mwanamke mpole anayeuliza na kungoja. Nilidhani kuna damu ya kutolewa au picha ya kichwa. Hakuna kipimo cha namna hiyo. Kipimo ni maswali na kuangalia. Tabia hizo zilianza lini? Ziko nyumbani tu, au shuleni pia, au hata kanisani? Zinamzuia mtoto kufanya nini? Analala vizuri, anasikia vizuri, anaona vizuri, kuna jambo lililomtia huzuni? Hapo tulimweleza habari ya Julai. Alisema ni vizuri tumesema, kwa sababu msiba nao hutawanya mawazo, lakini Mwalimu Daisy, aliyezungumza naye kwa simu, ameyaona haya kwa mtoto tangu mwaka jana.

Alimuuliza Musyimi kama mtoto hupoteza vitu anavyovihitaji.

"Spana, kila siku," Musyimi alisema. "Naishika, naiweka, nikigeuka haipo."

Daktari aliacha kuandika. "Baba Mbinya, hapo unamzungumzia nani?"

Dinah aliangalia chini. Nadhani alikuwa akizuia kicheko, au kilio. Daktari alisema mambo haya hufuata damu mara nyingi, na hayaishi kwa wote wanapokuwa wakubwa. Wapo watu wazima wengi wanaoambiwa ni wazembe maisha yao yote, nao huamini. Akamwambia kama angependa, aje siku yake mwenyewe. Musyimi alisema angependa. Alisema hivyo akitazama mlango, lakini alisema.

Nikifupisha aliyotueleza: umakini wa mtoto huyu upo, na mwingi. Mimi nimeufananisha na maji ya mfereji usio na kingo; yanakwenda kila mahali, na mmea uliokusudiwa haupati. Kazi yetu ni kumjengea kingo. Atumwe kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kazi ndefu ikatwe vipande. Shuleni akae mbele, apewe sababu halali ya kuinuka, kama kufuta ubao. Asifiwe anapomaliza, asifedheheshwe anaposahau, na tusimsifu kwa kusahau. Hilo la mwisho daktari alilirudia. Dawa zipo, na huwasaidia wengi, lakini zitazungumzwa baadaye, pole pole, tukiwa tumeona haya mengine yamefika wapi.

Mtoto alikuwa kwenye kiti kidogo akichora muda wote. Tulidhani hasikii.

Desemba 2, Jumanne

Ndengu zimeanza kutoa maua. Tulikuwa tunapalilia sehemu ya juu, mimi na mtoto. Alikuwa amefanya kazi vizuri kwa muda, kisha akasimama na jembe lake dogo.

"Babu, nikipona, Nyanya atakwenda wapi?"

Nilianza kumweleza. Nilisema hali hii si kama malaria, mtu hapewi vidonge akapona wiki ijayo. Anajifunza kuishi nayo na watu wanamsaidia. Aliningoja nimalize, kama mama yake.

"Hapana. Nauliza Nyanya. Nyanya Nzilani alisema yuko ndani yangu. Nikiacha kusahau atakaa wapi?"

Nilielewa kwamba mtoto huyu amekuwa akibeba kazi ambayo hatukujua tumempa. Kila kalamu iliyopotea ilikuwa ya kumweka nyanya yake hai, na sisi tulikuwa tukishangilia.

Tangu Julai nimesema ametutoka. Nimesema amepumzika. Nimesema ametangulia. Yote ni maneno mazuri, na yote huacha mlango wazi kidogo. Nilisimamisha jembe, nikamwonyesha kaburi.

"Nyanya amekufa," nilisema. "Yuko pale. Hakuna utakalofanya litakalomwondoa, na hakuna utakalosahau litakalomrudisha."

"Hata nikipoteza sweta?"

"Hata ukipoteza masweta yote."

"Kwa hiyo hapa ndani ni mimi?"

"Ni wewe peke yako."

Alikaa kwenye udongo akalia. Mimi nilibaki nimesimama. Lile neno lilikuwa limeshatoka na shamba lilikuwa vile vile, ndengu, upepo kidogo, lori likipanda kuelekea Taveta. Kisha nikahisi kifua kinauma, mahali pamoja tu, kama jino. Ilikuwa mara ya kwanza. Sikujua nifanye nini nacho, kwa hiyo nikaendelea kupalilia, na baadaye kidogo naye akaja akaendelea.

Desemba 3

Mvua ndogo.

Desemba 14, Jumapili

Nzilani amekuja. Alikuwa ameshaambiwa. Alinikalia mbele, akasema nimemuua dada yake mara ya pili, na kwamba mtoto akishaambiwa jina lake ni ugonjwa hataliheshimu tena. Nilimjibu taratibu. Nilisema jina ni la kumkumbuka mtu, na hakuna mwenye kosa kwa kulitoa. Kosa ni kumwachia mtoto kazi ya kuwa mtu huyo. Hakukubali. Alisema mimi tangu zamani hueleza kila kitu mpaka kinakufa.

Inawezekana.

Mtoto alitoka ndani na ile leso. Alikuwa amejaribu kuikunja, pembe moja ilining'inia. Akampa.

"Nishikie wewe, Nyanya Nzilani. Mimi nitaipoteza, na hii ni yake."

Nzilani aliipokea, akaiweka mapajani. Aliinyoosha ile pembe. Mwaka huu wote nimemwona kama mwanamke mwenye kelele anayelisha imani zake. Leo nilimwona kama mtu aliyekuwa akitafuta dada yake popote, hata ndani ya mtoto wa watu, kwa kuwa hakuwa na kaburi la kulala karibu nalo kama mimi. Nilimwongezea chai. Alikunywa. Alipoondoka alimwita mtoto kwa jina lake tu, bila kuongeza lolote.

Desemba 25

Krismasi. Tulikula pilau.

Desemba 30

Tunang'oa ndengu. Tumepata za kutosha. Ndovu walikanyaga upande wa chini tu.

Sylus amekuja na magongo yake. Musyimi amekuwa akimpelekea chakula na kumtengenezea pikipiki upya, na sasa hairudishi pikipiki ya mtu kabla Dinah au mimi hatujashika spana na kukaza kila nati nyuma yake. Sylus alikaa kwenye kreti akitazama, akauliza, "Fundi, leo umeweka zote, ama zingine ni za kesho?" Musyimi alicheka, kisha akaacha kucheka, akamwambia pole tena. Sylus akamwambia, "Wewe kaza tu, ndugu yangu."

Januari 5, Jumatatu

Shule zimefunguliwa. Mtoto amekwenda Mraru, shule ile ile, kwa Mwalimu Daisy, ambaye ameomba kupanda gredi na darasa lake. Dinah hakufungasha nguo. Jioni nilimuuliza kuhusu Wusi. Alisema watakwenda Pasaka, kusalimia.

Januari 8

Siku mbaya. Mtoto amerudi na begi la mwenzake. Musyimi amepitisha siku yake ya kliniki. Alikuwa ameikariri kuwa kesho. Daktari amempa nyingine. Dinah alitoka nje akatembea mpaka barabarani, akarudi. Daktari alituambia siku za hivi zitakuwepo.

Januari 15, Alhamisi

Musyimi amekwenda kliniki. Ameniambia daktari amemuuliza habari za utotoni mwake, na kwamba mara ya pili angependa nije, nieleze ninayoyakumbuka. Nitakwenda.

Mtoto alikuwa na kazi ya nyumbani, kuchora ramani ya kaunti na kuandika majina. Alianza, akainuka, akanywa maji, akaanza, akaenda kuangalia mbuzi. Mama yake alimrudisha bila kelele. Mara ya tatu alikuja na daftari mahali nilipokuwa nimeketi.

"Babu, Nyanya akishindwa kumaliza, ulikuwa unamsaidiaje?"

Nilitafuta maelezo. Nilikumbuka zile nguo chache alizozimaliza, ni zipi, na mimi nilikuwa wapi.

"Nilikuwa nakaa karibu naye."

"Unamwambia nini?"

"Simwambii kitu. Nasoma gazeti langu."

Alifikiria. Akavuta kigoda mpaka karibu na kiti changu, akafungua daftari juu ya goti.

"Basi usiende," alisema.

Sikwenda. Hakukuwa na gazeti, nikatazama mikono yangu. Aliandika Taveta, akaandika Wundanyi, akafuta, akaandika tena. Mara mbili aliinua kichwa kuona kama nipo. Chai yangu ililetwa ikiwa na moto, nikainywa ikiwa na moto, na ilikuwa na tangawizi nyingi mno. Nilikaa mpaka akaandika jina la mwisho.